Mlango wa Msiba

Katika zama ambazo wajukuu wetu watazikuta na kutulaani kwa kuwaachia, Mlowa wa Juu palikuwa na baridi ya kugandisha uongo mdomoni. Mtu akidanganya alfajiri, uongo wake ulimtoka jua likishapanda, tena mbele ya mashahidi. Huko ndiko Kunigunda Chengula alikofanya kazi ya kuchuja barua, katika jengo la bati lililokuwa zamani ghala la pareto.

Enzi hizo kila aliyevuka miaka hamsini alikuwa na jirani. Sisemi jirani wa kuombana chumvi. Huyu alikuwa chombo kidogo kama punje ya hindi, kilichopandikizwa chini ya ngozi karibu na mtulinga. Alipima sukari na presha ya mwenye mwili, akamdondoshea dawa taratibu, na kwa kuwa serikali haipendi kumwajiri yeyote kwa kazi moja, alipewa pia kazi ya kumsomea mtu barua zake sikioni; vijana walitumia kidude cha mkononi.

Na barua zenyewe hazikuwa maneno matupu. Aliyekuandikia akicheka, kicheko chake kilikutekenya mbavu. Aliyekuandikia akilia, kilio kilikushika koo kabla hujajua kilichotokea. Wataalamu walikiita kilio hicho kwa jina refu la kizungu. Mlowa waliita kilio, wakaendelea na mambo yao.

Sasa, kitu kinachoingia mwilini mwa mtu kikakaa ukuta kwa ukuta na dawa yake ya sukari hakiwezi kuachwa kipite bila kuulizwa. Ndiyo maana palikuwa na Mchujo. Ulikuwa mtambo mkubwa kama kabati la nguo za maharusi, unaounguruma mchana kutwa, na kila barua ya Mlowa ilipita tumboni mwake kwanza. Nzuri ilipita. Yenye dalili za virusi ilifungiwa zizini, mahali ndani ya mtambo ambapo barua huingia na haitoki, mpaka Makao, yaani makao makuu ya wachujaji huko mjini, watume dawa ya kuisafisha.

Kwa maneno ni rahisi. Kwa vitendo, Mchujo ulikuwa na akili za mbwa wa mlinzi mvivu: ulibweka sana na kuuma wasiohusika. Uliwahi kufungia kadi ya harusi kwa sababu vigelegele vilizidi. Wakati mmoja Makao waliutumia mafunzo mapya, na kuanzia asubuhi hiyo ukakamata kila barua yenye neno "mahindi", msimu wa mavuno, mpaka watu wakawa wanaandikiana "yale ya njano" kama wauza bangi. Barua iliyofaulu ilibandikwa mkiani sauti ya mwanamke mtamu: *Nimechujwa. Ni salama.* Watu waliizoea sauti hiyo kama wanavyozoea amina. Wapo waliokuwa wakiiitikia.

Mlango wa msiba haukuwa kosa la mtambo. Huo walijitengenezea wenyewe.

Ilianza pale katekista wao alipofiwa na mama, barua ikakaa zizini, naye akafika kwao akakuta kaburi limeshaota majani. Mkutano ukaitishwa. Mwenyekiti, Fidelis Mhongole, mtu mwenye tumbo la heshima, akasema neno moja lililopigiwa makofi mpaka mvua ikasita: "Msiba haupangi foleni." Basi Kunigunda akaamriwa aunge waya wa pembeni, ili kila barua ya msiba imfikie mwenyewe moja kwa moja bila kupita tumboni mwa Mchujo. Makao walikataza. Mlowa wakafanya. Na vijiji vyote vya bonde vikafanya hivyo hivyo, na hilo ndilo jambo pekee ambalo vijiji vile viliwahi kukubaliana bila kutukanana.

Tena desturi ilikuwa hivi: ukipata barua ya msiba, unaituma kwa ndugu wote kabla hujafuta machozi. Anayelia kwanza ndipo atume, huyo anajipenda.

* * *

Mzee Leodegar Gama alikuwa Mngoni aliyeoa Mlowa na kubaki huko, na kwa kuwa Wangoni na Wahehe ni watani, aliwatania watu wa mji mzima bila kupumzika hata Ijumaa Kuu. Kila asubuhi alikaa kwenye ngazi ya ghala akinywa chai ya Kunigunda na kuisema vibaya.

"Kamwene, mla mbwa," alisema asubuhi ile.

"Kamwene, Mngoni. Shika kikombe vizuri, nina habari mbaya." Kunigunda alikuwa akitazama kioo cha mtambo, ambapo juu ya bahasha ya kila barua ya msiba huonekana jina la marehemu, la mwandishi na la mwandikiwa. "Umekufa."

"Mimi?"

"Leodegar Gama. Jana jioni."

"Ndiyo maana sikumaliza ugali." Gama alikunywa funda moja, akafikiri. "Nimekufa na nini?"

"Ghafla."

"Ghafla! Mtu wa umri wangu hafi ghafla, mwanamke, anafundishwa polepole. Anayetangaza ni nani?"

"Mpwa wako Oswin. Anamwandikia mkeo. Na kilio alichofunga humo ni kizito, waya unatetemeka."

Gama aliweka kikombe chini. "Basi huo ni uongo. Oswin hajanisamehe tangu nilipomtania mkwe wake mbele ya padri. Angenililia, ingekuwa kwa kijiko cha chai."

Kunigunda hakucheka. Barua ile ilikuwa imeshika njia ya waya wa pembeni, ikielekea kwa mke wa Gama, na mkiani ilikuwa na ile sauti tamu: *Nimechujwa. Ni salama.* Barua ambayo haijachujwa na mtu, inajitangaza imechujwa.

Aliruka, akaung'oa waya kwa mkono, barua ikaangukia zizini.

Alikuwa amewahi kwa unywele. Onyo la Makao lilifika akiwa bado ameshika waya. Kimeingia kirusi kipya, waliandika, watu wa kusini wamekiita kiroboto. Kinakaa ndani ya kilio, kwa sababu kilio hufungwa na mwenye kulia na hakuna mchujo unaoweza kukifungua. Kikimwingia mtu, au kidude chake, kinaiba daftari la ndugu zake, kinatunga barua ya msiba kwa jina lake na kwa sauti yake, kinaituma kwa wote. Kisha kinamlaza jirani usingizi. Jirani akilala, dawa hailetwi. Sukari inapanda, presha inapanda, na mwenye mwili naye analala.

Makao walimalizia kwa amri mbili. Laini zote zinafungwa. Na mchujaji asimwambie yeyote kilichomo zizini mpaka dawa ipatikane, maana kuna mji mmoja mchujaji alisema, wenye misiba wakaja na mashoka, wakavunja zizi, wakachukua barua zao. Mji huo kwa sasa, waliandika Makao, haujibu.

"Wamesemaje?" aliuliza Gama.

"Wamesema ninywe chai yangu."

Mchana mvua ikaja, ile ya Mlowa inayonyesha hata ndani ya mifuko, ikabomoa daraja. Zizini zilikuwa zimebaki barua zilizowahi kuingia kabla laini hazijafungwa. Kunigunda alizipitia bahasha moja moja. Alikuta marehemu askofu, ambaye redio ilikuwa inamtangaza akibariki kisima. Alikuta marehemu mwalimu aliyepita dirishani sasa hivi akimburuta mbuzi. Alikuta, Mungu amrehemu, yeye mwenyewe. Mji mzima ulikuwa umekufa humo ndani, na nje watu walikuwa wanagombania mbolea.

Katikati yao kulikuwa na bahasha hii: marehemu, Gerold Kihwele. Mwandishi, Tasiana, mkewe. Mwandikiwa, Bonifas Kihwele, baba.

* * *

Bonifas Kihwele alikuwa na shamba la mianzi, na ulanzi wake, pombe inayogemwa kwenye mianzi, ulikuwa mtamu kiasi kwamba nyuki walikuja kuomba ushauri. Yeye na Kunigunda walikuwa wamekua ukuta mmoja, wakachapwa na mwalimu mmoja. Alimwita dada, na hakuna aliyekumbuka tena kwamba hawakuzaliwa pamoja. Gerold, mwanawe pekee, alikuwa Mbamba Bay, kwenye migodi ya chini ya Ziwa Nyasa.

Aliingia akidondoka maji, mkononi ana kibuyu.

"Kamwene, dada."

"Kamwene, kaka. Mvua yote hii?"

"Mianzi inaipenda, mimi nani nikatae." Aliweka kibuyu mezani. "Kuna changu humo? Gerold huniandikia kila Jumapili. Jumapili hii kimya."

"Laini zimefungwa."

"Nimesikia. Nimesikia na mlango wa msiba umeufunga."

"Nimeufunga."

"Kwa hiyo mtu wetu akifa, hatutajua?"

"Tutajua. Tutachelewa tu."

Bonifas alicheka kidogo, kicheko cha mtu asiyetaka ugomvi. "Msiba wa kuchelewa, dada, ni umbea. Wenzako wameshachimba, wameshafukia, wewe unaletewa hadithi."

Kunigunda alikuwa amesimama kati yake na kioo. Hakuwa amepanga kusimama hapo. Miguu ilikuwa imeamua.

Alijua njia mbili, na zote zilikuwa na miiba. Akisema, na ikiwa barua ni ya kiroboto, atakuwa amemuua Gerold kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya baba mwenye presha. Bonifas ataitaka barua. Atasema nipe nisikie sauti ya mkwe wangu, na nani wa kumnyima? Akiipata ataituma kwa ukoo wote, na ukoo wa Kihwele ni nusu ya Mlowa. Asiposema, na ikiwa ni ya kweli…

Askofu yu hai, alijiambia. Mwalimu yu hai. Hata mimi mwenyewe nipo hapa nimesimama. Kwa nini huyu mmoja awe kweli?

"Kuna nini?" aliuliza Bonifas. "Mbona umenitazama kama mtu anayenipima sanda?"

"Nimechoka."

"Niambie kama kuna kitu. Sina mtu mgonjwa. Nauliza tu."

"Subiri, kaka," alisema Kunigunda. "Subiri kidogo."

Bonifas alisubiri hapo hapo, akidhani neno linakuja. Halikuja. Akavaa kofia.

"Unywe huo wakati bado mtamu," alisema, akatoka kwenye mvua.

Kunigunda hakuunywa. Ulanzi hausubiri mtu. Ulichacha palepale mezani, ukatoa povu, ukasukuma kizibo nje wenyewe.

* * *

Mvua ilipochoka, dawa ikafika. Mchujo ulinguruma kutwa ukisafisha zizi, ukiwafufua marehemu mmoja baada ya mwingine. Askofu akafufuka. Gama akafufuka. Barua zilizokutwa za kweli zilihesabika kwa vidole vya mkono uliokatwa, na mojawapo ilikuwa ya Tasiana.

Kunigunda hakuituma kwa waya. Aliipakua kwenye kidude cha mkononi, akapanda mlima mpaka kwenye mianzi. Bonifas alikuwa anakata vichwa vya mianzi michanga ili idondoshe ulanzi. Alimwona, akamwona anavyotembea, akakichoma kisu chake ardhini.  Alishusha kola ya shati ili kidude kiguse ngozi.

Kunigunda naye alisikia, maana kidude kilikuwa na mdomo wake. Ilikuwa sauti ya mashine, iliyonyooka kama inayotangaza bei za sukari.

*Baba. Gerold ametutoka. Maji yaliingia mgodini. Tunakusubiri wewe ndipo tuzike. Njoo, baba, usikawie. Nimechujwa. Ni salama.*

Kwenye mianzi kulikuwa na matone yanaanguka vibuyuni, moja baada ya jingine.

"Sauti ya Tasiana iko wapi?" aliuliza Bonifas.

"Imeondolewa. Kiroboto kilikuwa ndani ya kilio chake. Ili kukitoa, imebidi—"

"Wameutoa kilio."

"Ndiyo, kaka."

"Mwanangu amekufa na barua yake haina kilio." Alisema taratibu, kama anayejifunza lugha. "Wanasema wananisubiri. Bado wananisubiri?"

Kunigunda alikuwa ameshauliza. Laini zilipofunguka, kabla ya kupanda mlima, alikuwa amepiga Mbamba Bay. Walimsubiri baba mpaka mwili wenyewe ukakataa kusubiri. Wakamzika wachimbaji wenzake na majirani wa kupanga. Udongo wa kwanza, ambao ni wa baba, aliutupa msimamizi wa zamu.

Alimwambia yote. Hakupunguza.

"Siku ile nimekuja na kibuyu," alisema Bonifas, "ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo. Lakini sikujua kama ni ya kweli. Zilikuwa nyingi, kaka, na zote za uongo. Hata mimi nilikuwemo, nimekufa! Ningekupa ile barua leo hungekuwa hai, na nusu ya watu hapa—"

"Barua." Bonifas aliinua mkono. "Barua ungeizuia. Kwa barua sina ugomvi na wewe hata kidogo. Mimi nauliza mdomo. Mdomo wako nao ulikuwa na kiroboto?"

 Ilikuwepo amri ya Makao, lilikuwepo suala la mashoka, lilikuwepo zizi. Yote yalikuwa ya kweli, wala hakuna lililohusu mdomo.

"Ungeniambia, 'Kaka, kuna jambo, silijui kama ni kweli.' Basi. Ningetembea. Daraja limebomoka, ningeogelea. Ningefika nimkute mzima anakula samaki, ningemchapa makofi kwa furaha, nikarudi." Akaking'oa udongoni kisu chake. "Nenda, dada. Nina mianzi."

* * *

Matanga yaliwekwa bila kaburi. Watu walikaa uani kwa Kihwele, na watani wakaja kama desturi inavyotaka, wapunguze uzito wa kilio kwa vituko. Gama alikuja amejifunika uso kwa kichujio cha pombe, kile kirefu kilichosukwa kwa ukindu.

"Simama!" alimwambia mama mmoja aliyekuwa akilia. "Hilo chozi limetoka wapi? Lina kibali?" Alilikinga kwa kichujio, akalinusa. "Hili la kweli, lipite. Wewe je? Hili la kitunguu! Zizini!" Watu wakacheka wakilia. Hata Bonifas, pembeni, mabega yalitikisika.

Gama akafika kwa Kunigunda. Akamzunguka mara mbili, akichungulia machoni kupitia kichujio.

"Huyu halii," alitangaza. "Kuna kitu humu, lakini amefunga mlango. Hodi! Hodi humo ndani! Kuna mtu amekufa, au mnasubiri dawa?"

Kicheko kilikatika kama kamba. Mtani hakasirikiwi, ukimkasirikia mtani umejihukumu mwenyewe. Kunigunda alicheka kama sheria inavyotaka, na kicheko kikamkwama mahali pabaya, kikatoka kama kikohozi.

Kuanzia hapo hakuna aliyemtukana. Wanawake walivuta mkeka wao kidogo upande wa pili, kidogo tu. Beseni la viazi alivyomenya liliachwa chini ya mti mpaka viazi vikaingia weusi, na walipoishiwa walimenya vingine. Jioni aliaga. "Haya," walisema, bila jina, bila mama, bila dada.

Gama alimkuta njiani, kichujio kimening'inia shingoni.

"Umeniua mbele ya watu, Mngoni," alisema Kunigunda.

"Ndiyo kazi yangu. Yangekaa ndani yangeoza." Alitembea naye kidogo. "Wewe umeniokolea mke, mwanamke. Najua. Lakini siwezi kulisema hilo kwenye msiba wa mwenzio. Halina pa kukaa."

* * *

Daraja lilipotengenezwa, ndipo habari za Kibaoni zikapanda. Kibaoni ni kijiji cha chini ya mlima, na huko mlango wa msiba haukufungwa; mchujaji wao alikuwa kijana mwoga wa wazee. Barua moja iliingia, ya kifo cha mtu ambaye mpaka leo yuko hai anauza vitunguu. Aliyeipokea akaituma kwa ndugu kabla ya kufuta machozi, na hao wakatuma. Wakakusanyika kwenye matanga ya mtu aliye hai, wakalala mmoja mmoja kwenye mikeka. Vijana walidhani wazee wamechoka kwa huzuni. Wakawafunika mablanketi. Usingizi ule uliua kwa siku nyingi, na daraja lilipopona wengi walikuwa ndiyo kwanza wamekata roho.

Mlowa wote walishuka kuzika. Makaburi yalichimbwa kwa trekta. Kunigunda alishuka nao, akatupa udongo pamoja nao, na njiani kurudi, Mungu amsamehe, ndani ya moyo wake kulikuwa na kitu kama faraja. Sasa wameona kwa macho, alijiambia. Sasa watajua nilichowakinga nacho.

Mkutano uliitishwa. Mwenyekiti Mhongole alipapasa tumbo.

"Ajenda ni moja. Mlango wa msiba ufunguliwe."

Kunigunda alidhani amesikia vibaya. "Mwenyekiti! Mmetoka juzi kuzika mtaa mzima!"

"Tumezika, ndiyo."

"Waliuawa na mlango huo huo!"

Mama Eusebia, mjane mwenye duka la vitenge, mtu anayesikilizwa, alisimama akifunga khanga yake vizuri. "Tumeona, Kunigunda. Hatuna upofu. Wamekufa wengi. Lakini walizikana. Hakuna aliyezikwa na msimamizi wa zamu. Kila mmoja alibebwa na damu yake." Akaketi.

Watu wakaitikia kwa vichwa, taratibu, ukumbi mzima, kama shamba la ngano likipigwa na upepo mmoja. Kunigunda aliwatazama wale vikongwe ambao kila asubuhi waliamka kwa sababu yake. Walikuwa wazima kabisa. Walikuwa wanampinga kwa afya njema.

Bonifas Kihwele akasimama. Waliosimama wakaketi, maana neno lilikuwa lake.

"Ubaki umefungwa," alisema.

Minong'ono ikaanza. Akaisubiri ife.

"Ile barua ningeipata ningewatumia nyote, kabla sijafuta pua. Wewe mwenyekiti. Wewe Mama Eusebia, wa kwanza. Kila nikilipiga hesabu hilo linatoka vile vile: mimi ndiye ningewaua. Kwa hiyo ufungwe." Hakumtazama Kunigunda. "Lakini mchujaji asikae tena na msiba wa mtu tumboni. Kila barua ya msiba ikiingia zizini, ya kweli, ya uongo, haidhuru, atoke. Aende kwa miguu yake. Apige hodi, aseme kwa mdomo wake: iko barua, inasema hivi, sijui kama ni kweli. Asiongeze, asipunguze. Na atakayemfuata na shoka kudai barua, atanikuta mimi mlangoni."

"Na Makao?" aliuliza mwenyekiti.

"Makao watajibiwa wakija kuzika."

"Na mimi nikifa tena?" alidakia Gama.

"Atakuja akwambie."

Watu walicheka, wakapumua. Kunigunda peke yake hakupumua.

"Kaka, nyingi ni za uongo," alisema. "Zikija kama zilivyokuja, nitaua mji mzima kwa mdomo. Nyumba kwa nyumba."

"Utawaua, watafufuka," alisema Bonifas. "Wangu hafufuki."

Mikono ikainuliwa. Ikapita.

* * *

Kiroboto kilirudi na kipupwe, kama Makao walivyoahidi, kimejifunza vilio vipya. Kunigunda alifunga ghala, akavaa koti, akaanza kutembea.

Nyumba ya kwanza walilia mpaka marehemu mwenyewe alipotokea mlangoni kuuliza kelele ni za nini. Ya pili walimtukana. Ya tatu walimwona kwa mbali wakafunga madirisha, naye akasema ujumbe wake kwenye mbao za mlango, hakuongeza, hakupunguza, akasikia ndani mtu akianza kupumua vibaya. Watoto walikuwa wameshajifunza. Walimtangulia mtaani wakiimba jina la kila nyumba anayoielekea, na wenye nyumba walisimama kama watu wanaosomewa hukumu. Mbwa tu ndio waliomfuata.

Kwa Mama Eusebia mlango ulikuwa wazi. Alikuwa jikoni anakaanga maandazi, redio inaimba, na mvua ilikuwa imeanza tena. Aligeuka. Mwiko ulibaki juu.

"Hodi," alisema Kunigunda.

Mama Eusebia hakusema karibu.

"Iko barua ya msiba zizini. Inasema Eusebia, binti yako. Jana, huko chuoni. Imeandikwa kwa jina la mwenzake wa chumba kimoja. Laini zimefungwa, siwezi kuuliza. Sijui kama ni kweli."

Andazi liliungua. Mama Eusebia alilitazama linavyokuwa jeusi, kisha akamtazama Kunigunda. Usoni mwake hakukuwa na hasira bado. Palikuwa na swali tu, swali safi kama la mtoto.

"Sasa nilie, au nisilie?"

Kunigunda alitafuta jibu ambalo haliongezi wala halipunguzi. Kulikuwa na mkeka karibu na meko. Akiukalia, kama watu wanavyoukalia kwenye msiba, atakuwa amethibitisha. Akigeuka aondoke, atakuwa amekanusha. Na Mama Eusebia alikuwa anamtazama miguu, ili ajue.

Alibaki kizingitini, mguu mmoja ndani na mwingine kwenye mvua, mafuta yakiendelea kuungua.